Mrejesho: Senti ya Marekani ya 1799 ni ya kweli au imechongwa?

Asanteni wote mliojibu. Niliuliza kama senti yangu kubwa ya shaba ya 1799 ni ya kweli, au ni ya 1798 ambayo 8 ya mwisho imechongwa iwe 9. Jibu limepatikana: ni ya 1798.

Uzito haukusaidia. Miaka yote miwili kiwango ni gramu 10.89, na sarafu iliyochakaa hupungua. Kilichoamua ni nafasi za herufi na tarakimu. Wakati ule kila muhuri wa chuma wa kupigia sarafu uligongwa herufi kwa mkono, kwa hiyo hakuna mihuri miwili inayolingana kabisa. Senti za 1799 zina aina mbili tu katika orodha ya Sheldon, inayozipa namba senti za zamani za Marekani kulingana na mihuri yake: S-188, ambapo 9 imegongwa juu ya 8, na S-189. Sarafu yangu haikulingana na yoyote kati ya hizo, si upande wa kichwa wala upande wa nyuma wenye shada la majani. Ililingana kila mahali na muhuri mmoja wa 1798, isipokuwa tarakimu ya mwisho.

Chini ya lenzi ya mara 10, taa ikiwa upande mmoja na chini, mikwaruzo myembamba inaonekana kuizunguka hiyo 9, na shaba hapo imeshuka kidogo.

Tafadhali msianze kwa kusafisha. Siki na dawa za kung'arishia huondoa ngozi ya shaba, na ushahidi wa kuchongwa hupotea nayo. Asetoni safi, bila kusugua, inatosha kuondoa mafuta. Itumieni mbali na moto.

Wenye senti za 1799, anzeni na upande wa shada: wachongaji huusahau.