Bluegrass kiangazi hiki: Bean Blossom, Grey Fox au Telluride?

Kibuyu_Mkavu
Wakuu salaam. Nataka kwenda tamasha la bluegrass (ule muziki wa Kimarekani wa banjo, fidla na mandolini) mwaka huu, likizo kazini nimeshaomba ila bosi anataka tarehe kabla ya Ijumaa. Nimebaki na matatu: Bean Blossom kule Indiana (Juni), Telluride Colorado (Juni hiyo hiyo), na Grey Fox New York (Julai). Aliyewahi kwenda anipe mwongozo. Mimi napenda la msituni, kulala chini ya miti, sio kuchomwa jua kama foleni ya kitambulisho.

Sonko_wa_Mandolini
Boss umetupa swali nusu. Unaishi wapi? Unaenda pekee yako ama na familia? Uko na tent? Unacheza chombo ama ni kuskiza tu? Bila hizo kila mtu hapa atakuambia ya kwake.

MamaZu
Haina haja ya maswali, Bean Blossom. Lile ndilo kongwe, linaendelea tangu Juni 1967, na eneo lenyewe lilikuwa la Bill Monroe mwenyewe, alilinunua mwanzoni mwa miaka ya 50. Yaani huyo mzee ndiye bendi yake Blue Grass Boys iliupa huu muziki jina. Msitu upo wa kweli, unafunga hema kati ya miti, jukwaa liko bondeni na usiku ukimaliza kusikiliza unatembea tu kwenye kambi, kila taa unayoiona kuna watu wanapiga. Kama hutaki joto la Juni subiri Septemba, wana lingine la Uncle Pen, yule mjomba wake Monroe aliyekuwa anapiga fidla.

Kibuyu_Mkavu
Niko Columbus.

MamaZu
Basi uko jirani kabisa, hata nusu siku haiishi.

Sonko_wa_Mandolini
Columbus gani lakini? Kuna ya Indiana, hiyo ndio iko karibu. Ya Ohio ni kama masaa manne.

Kibuyu_Mkavu
Ohio mkuu.

Pwani_Kavu
Na ukiweka ramani ya simu angalia, Bean Blossom iko juu kidogo ya mji unaitwa Nashville, sasa kuna jamaa yetu aliandika Nashville akabonyeza akawasha gari, kaja kushtuka anavuka mto kuingia Kentucky. Nashville ya INDIANA, kaunti ya Brown, sio ile ya Tennessee.

Teja_wa_Milima
Nyie mnampeleka mwenzenu kwenye mbu. Telluride ndio tamasha. Mji uko ndani ya bonde, milima imekuzunguka pande tatu, Sam Bush yule wa mandolini anapiga pale tangu 1975 na bado yupo. Hewa safi, hakuna unyevu wa Indiana ule wa kushikisha shati mgongoni.

Sonko_wa_Mandolini
Telluride siku hizi bluegrass ni jina, wanaleta hadi watu wa rock. Na ni mita zaidi ya 2,600 juu, Nairobi yenyewe haifiki 1,800. Usiku wa Juni unavaa sweta mbili. Kambi ya pale Town Park ni ya bahati nasibu, ukikosa unalala mbali unapanda basi. Na kutoka Ohio ni ndege ama siku mbili za barabara.

Teja_wa_Milima
Aliyesema rock ni mbaya nani? Muziki mzuri ni muziki mzuri.

MamaZu
Basi lisiitwe bluegrass. Tuliweke wazi hili.

Pwani_Kavu
Kuhusu msitu ngoja niwaambie, maana watu wanasema msitu msitu kama ni bustani ya hoteli. Mimi nlikwenda tamasha moja, jina sitaji, tukafika Ijumaa jioni tukakuta sehemu nzuri zote zimeshachukuliwa na magari ya kulala, wakatuonesha kibonde kidogo chini ya miti, kimetulia, nikamwambia mke wangu hapa ndipo, kivuli cha bure. Usiku saa nane mvua na radi, si mvua ya manyunyu, ile ya Marekani ya kati inayokuja na upepo, na kile kibonde kumbe ndiyo njia ya maji. Godoro la upepo likaanza kuelea na sisi juu yake. Natoka nje na tochi ya kichwani naona viatu vya watoto vinakwenda zao, turubai la jirani limekwama mtini, na kuna mzee mmoja wa jirani yetu amekaa chini ya kibanda chake na banjo anapiga kama hakuna kitu, ananiuliza "unajua kuimba tenor, ile sauti ya juu?" Tukalala ndani ya gari wanne. Asubuhi nikatoa kupe goti la mtoto. Wahusika wa kambi nikawaambia, wakanijibu kibonde hicho hujaa kila mwaka. Kila mwaka! Na mnatuweka humo! Kwa hiyo ndugu yangu, piga hema juu ya kilima, vigingi virefu, dawa ya kupe kwenye soksi na suruali.

Kibuyu_Mkavu
😂 pole kaka. Nlisahau kusema naenda na mke na mtoto wa miaka miwili. Hema sina.

Sonko_wa_Mandolini
Sasa si hiyo ungeanza nayo?? Na mtoto mdogo Grey Fox basi. Iko shamba la Oak Hill, milima ya Catskill, imeanza 1976 ikiwa na jina lingine. Wana mambo mengi ya familia, hadi darasa la watoto wanaojifunza vyombo. Ila ni kilima cha nyasi, miti si mingi, na toka kwako ni kama masaa kumi.

MamaZu
Masaa kumi na mtoto wa miaka miwili nyuma ya gari. Haya.

Kibuyu_Mkavu
Lingine, msinielewe vibaya. Sisi weusi tukienda huko kukoje?

MamaZu
Wengi ni wazee wa kizungu, sitakudanganya, unaweza kumaliza siku ukahesabu weusi kwa vidole. Lakini kambini wametukaribisha vizuri, kahawa, kiti. Kuna na desturi moja naipenda: watu wanaweka viti vyao vya kukunja mbele ya jukwaa asubuhi wanaondoka, wewe ukikuta kitupu unakaa, mwenyewe akirudi unampisha. Hakuna anayeiba.

Teja_wa_Milima
Halafu banjo lenyewe ni letu Waafrika, tuingie kifua mbele.

Pwani_Kavu
Letu la wapi? Ni la Afrika Magharibi. Wajola wa Gambia na Senegal wana akonting, kibuyu na ngozi na ule uzi mfupi wa dole gumba. Waliopelekwa utumwani ndio walivuka na ujuzi huo. Tanga na Lamu hatuna dai hapo, sisi tuna udi na gambusi.

Teja_wa_Milima
Afrika ni Afrika.

Sonko_wa_Mandolini
Kenya tunapenda country kuliko Wamarekani wenyewe. Jumapili ukiingia matatu ni Jim Reeves na Kenny Rogers, na tuko na mwimbaji wetu wa country, Sir Elvis. Lakini bluegrass hawatuchezei, sijui kwa nini.

MamaZu
Kwa sababu hamtaki kusikia sauti ya puani 😂 Kenny Rogers ni laini.

Sonko_wa_Mandolini
Anaanza...

Kibuyu_Mkavu
Wakuu turudi. Mke anasema kama kuna kupe haendi, mimi nasema Bean Blossom siku mbili tu halafu tulale hotelini Nashville.

MamaZu
Ukilala hotelini umekosa tamasha. Jukwaani ni nusu tu, utamu uko kambini saa sita usiku, watu wamekaa duara, mmoja anataja wimbo na ufunguo wa kuupigia (key), anakukonyeza, zamu yako.

Pwani_Kavu
Mama acha, mwenye mtoto wa miaka miwili saa sita usiku atakuwa wapi?

Teja_wa_Milima
Kuna hoteli nzuri Telluride...

Sonko_wa_Mandolini
Kwa hela gani?

Juakali_254
Samahani naingilia, kuna mtu anauza banjo la nyuzi tano la kuanzia, mkono wa pili? Niko Indianapolis.

Pwani_Kavu
Nicheki inbox. Lilipata maji kidogo.