Naomba ushauri: klabu yetu ya baiskeli ya wazee imenizuia kwenda Pangani

MstaafuRaskazoni: Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo. Mimi ni mstaafu wa miaka 69, mkazi wa Tanga, na ni mwanachama wa klabu ya wazee waendesha baiskeli. Kila Jumamosi tunakwenda Amboni, Pongwe au Tongoni, tunakunywa chai pamoja, wapenzi wa bao wanacheza bao, kisha tunarudi mjini kabla jua halijawa kali. Mwezi ujao kuna safari ya Pangani, ambako tutalala usiku mmoja, na kesho yake wanaochoka watarudishwa na baiskeli zao kwa Kanta. Kamati imeniambia ama nibaki nyumbani, ama nipande Kanta tangu mwanzo pamoja na masufuria. Katiba yetu haina kifungu kinachoruhusu mwanachama aliyelipa ada kuzuiwa namna hiyo. Je, nikate rufaa kwenye mkutano mkuu, au niende tu?

FundiSpoku: Shikamoo mzee wangu. Kabla ya rufaa, tueleze unaendesha baiskeli gani, kwa sababu kutoka Tanga hadi Pangani ni kama kilomita 50, na msimu huu kusi itakuwa inakupiga usoni karibu njia nzima. Kama ni Phoenix isiyo na gia za kubadilisha, mwambie fundi wako akufungie gia ya nyuma yenye meno mengi zaidi ili pedeli iwe nyepesi, akague kotapini, na asijaze upepo hadi tairi liwe gumu kama jiwe. Wazee wengi hudhani wamechoka wao, kumbe breki ya nyuma inakwaruza rimu tangu walipotoka nyumbani.

MamaTembele: Mimi ningepanda Kanta bila kinyongo, maana anayekaa karibu na masufuria ndiye anayekula kwanza. Marehemu mume wangu alikataa lifti akisukuma baiskeli kupandisha Lushoto, akafika usiku, na wiki nzima tukamkanda magoti kwa maji ya moto huku akituhadithia jinsi alivyowashinda wenzake. Wanaume mkizeeka, ubishi wenu hauzeeki.

NesiMstaafu: Kaka yangu, kamati ya wazee wenzako haiamki tu ikamzuia mtu. Kulitokea nini?

MstaafuRaskazoni: Sikuona sababu ya kulitaja, kwa kuwa lilikuwa jambo dogo. Katika safari ya mwisho ya Tongoni nilipatwa na kizunguzungu, nikakaa chini, nikapumzika. Kundi liliondoka mjini saa 12 na robo asubuhi, na jambo lenyewe lilitokea saa moja kasoro robo, karibu na magofu. Wenzangu wamelikuza kupita kiasi.

NesiMstaafu: Ulikaa chini au ulianguka? Na unatumia dawa gani?

MstaafuRaskazoni: Nilianguka, lakini nilianguka kwenye mchanga. Nina sukari, na ninachoma insulini asubuhi. Siku za safari sili kitu kabla ya kutoka, kwa sababu utaratibu wetu ni kunywa chai tukishafika, na mwenye kula kabla huonekana hana mpango na wenzake. Halafu mchango wa Pangani nimeshautoa wote, na tairi mbili mpya nimeshanunua. Siwezi kurudi nyuma kwa ajili ya mchubuko wa kiwiko.

NesiMstaafu: Basi hilo ndilo swali lako, na rufaa si swali. Insulini inashusha sukari, kuendesha baiskeli kunaishusha zaidi, na wewe hukuweka chochote tumboni. Sukari ikiwa chini ya 4 (mmol/L) kwenye mashine ya kupimia, hupaswi kupanda baiskeli: unatumia sukari inayoingia haraka kwenye damu, kama glukosi au nusu chupa ya soda ya kawaida, si ile isiyo na sukari, unasubiri robo saa, kisha unapima tena. Usiache insulini wala usipunguze kwa kukisia. Nenda kwa daktari wako, umweleze kilomita na saa ya kuondoka, naye akupangie. Kama unatumia pia dawa ya presha ya jamii ya atenolol, mwambie, kwa sababu dawa hizo huficha kutetemeka na mapigo ya moyo kwenda mbio, yaani dalili zilezile ambazo zingekuonya. Jasho jingi linaweza kubaki dalili pekee.

MwanaMarungu: Kwa wasioijua Tongoni, ni mahali penye msikiti wa kale na makaburi ya nguzo, na baharini karibu na hapo ndipo Vasco da Gama alipoichoma moto meli yake São Rafael mwaka 1499, kwa kuwa hakuwa tena na mabaharia wa kutosha. Babu yetu si wa kwanza kuishiwa nguvu pale.

HesabuKali: Samahanini wadau, mimi nina shaka. Kutoka mjini hadi Tongoni ni karibu kilomita 20. Kundi limeondoka saa 12 na robo, na saa moja kasoro robo mzee ameshaanguka penye magofu. Hiyo ni nusu saa, yaani mwendo wa kilomita 40 kwa saa, wazee juu ya Phoenix, tena dhidi ya kusi! Vijana wanaoshindana kwa baiskeli za mashindano wangejitahidi sana kuufikia. Kwa maoni yangu uzi huu ni chai, na si ile inayonywewa Tongoni.

MamaTembele: Na mimi nilijiuliza mchanga huo wa kuangukia ulitoka wapi.

FundiSpoku: Hata tairi mbili mpya hajatuambia ni za saizi gani. Mwenye baiskeli kweli huanza na saizi.

MstaafuRaskazoni: Sitaitwa mwongo na watu ambao hawajawahi kuendesha kilomita tano. Saizi ni 28. Kundi liliondoka saa 12 na robo kama nilivyosema. Mimi niliondoka saa 11.

HesabuKali: Peke yako, gizani?

MstaafuRaskazoni: Nina tochi. Wenzangu wakinipita hawasemi kitu, ila hupiga kengele, na kengele ile inaudhi kuliko tusi. Nikitangulia, wananikuta nimeshaagiza chai, na hakuna anayejua nimetumia muda gani. Siku hiyo mama mmoja anayeuza vitumbua aliniona, akaninywesha maji yaliyokorogwa sukari, na kundi lilipofika lilinikuta juu ya mkeka wake.

HesabuKali: Sasa hesabu imekubali, na neno la chai nalifuta. Saa moja na dakika 45 kwa kilomita 20 ni mwendo wa kilomita 11 na kidogo kwa saa. Kwa mwendo huo Pangani ni zaidi ya saa nne, ukiacha mapumziko.

NesiMstaafu: Je, kamati inajua kuhusu insulini?

MstaafuRaskazoni: Kamati inajua kwamba lilikuwa jua kali.

HesabuKali: Jua gani la saa moja kasoro robo?

NesiMstaafu: Kwa kweli wamekuzuia kwa sababu wanajua unaficha kitu, hawajui tu ni kitu gani. Waambie. Omba mwenzako mmoja awe mfungaji msafara, akae nyuma yako bila kukupita, awe na glukosi mfukoni na ajue la kufanya, ikiwa ni pamoja na kutokukunywesha kitu kama umepoteza fahamu. Pimeni kabla ya kuondoka na tena Tongoni. Mashine ikionyesha sukari imeshuka, Kanta ikuchukue hapohapo.

MstaafuRaskazoni: Kujitoboa kidole mbele ya mwenyekiti sitaweza. Nitamwambia mweka hazina peke yake, ni jirani yangu na si mtu wa maneno mengi, naye huwa mwisho kila safari. Kwa daktari nitakwenda Jumatatu. Lakini kutangulia nitatangulia naye, ila safari hii tutangoja kupambazuke.

NesiMstaafu: Na kifungua kinywa?

MstaafuRaskazoni: Chapati moja, nyumbani, kabla mweka hazina hajanipitia.

NesiMstaafu: Mbili, na upime kwanza.