Mrejesho: Harusini nimekwenda, na figo yangu mpya

Asalaam aleykum. Ni mimi niliyeuliza kama aliyepandikizwa figo anaweza kurudi kwenye shughuli za watu, maana harusi ya mdogo wangu huko Wete ilikaribia.

Nimekwenda. Daktari aliruhusu kwa masharti: barakoa, chakula cha moto, kachumbari niiache, na balungi marufuku kabisa, linapandisha kwenye damu takrolimasi, dawa yangu ya kushusha kinga ili mwili usiikatae figo. Dawa ni kila saa 12. Saa tatu usiku nikameza, biriani likasubiri.

Tabu ilikuwa sinia. Wenzangu wanne wamelizunguka, mimi nimepakuliwa sahani yangu peke yangu kama mgeni rasmi! Ami mmoja alinuna hasa. Kaka akamweleza, naye ami akahamisha mkeka wake karibu yangu. Barzani narudi wiki ijayo, inshaallah.