Kimiminika kimoja, majibu yanayopingana: je, ni aldehidi au asidi ya kaboksili?

Mpimaji (swali)

Wanakemia wenzangu, naomba msaada wenu. Nimepewa kimiminika kisicho na rangi ili nitambue kikundi tendaji chake (sehemu ya molekuli inayoamua tabia zake za kikemikali) kwa vipimo vya kikemikali pekee. Nilipokidondosha katika mmumunyo wa bikabonati ya sodiamu, viputo vichache vilipanda polepole kisha vikakoma, nami nikaandika kwamba ni asidi ya kaboksili. Hata hivyo, kitendanishi cha 2,4-dinitrofenilihaidrazini kilinipa papo hapo mashapo mazito ya rangi ya chungwa, jambo ambalo asidi haifanyi. Kitendanishi cha Tollens, chenye fedha na kinachotumika kutambua aldehidi, kiliacha unga mweusi badala ya kioo cha fedha, na mmumunyo wa Fehling, wenye shaba na ambao aldehidi nyingi huugeuza kuwa mwekundu, ulibaki buluu hata baada ya dakika 10 ndani ya maji ya moto. Shingoni mwa chupa kuna chembe nyeupe zilizoganda, na harufu yake inafanana na ya lozi chungu. Ni kipimo kipi kilichonidanganya?

Mkufunzi wa maabara

Ndugu Mpimaji, naamini hakuna kipimo kilichokudanganya. Kilichokosewa ni kudhani kwamba ndani ya chupa kuna kitu kimoja tu. Mashapo ya rangi ya chungwa yanathibitisha kabonili (kaboni iliyoungana na oksijeni kwa kifungo maradufu) ya aldehidi au ya ketoni, kwa sababu esta na asidi za kaboksili hazitoi mashapo hayo, na wingi wake unaonyesha kwamba hiyo ndiyo sehemu kubwa ya sampuli. Viputo vichache vilivyokoma mapema vinaonyesha asidi kidogo. Sasa tazama zile chembe za shingoni: aldehidi nyingi huoksidika zenyewe zikikutana na hewa, na benzaldehidi ni maarufu kwa tabia hiyo, kwani chupa inayofunguliwa mara kwa mara hujijengea asidi ya benzoiki.

Ukitaka uhakika, tikisa sampuli pamoja na mmumunyo wa kabonati ya sodiamu wa asilimia 10 katika faneli yenye bilula, ukifungua bilula mara kwa mara ili gesi ya kaboni dioksidi itoke. Uwe mwangalifu unapotenganisha matabaka. Benzaldehidi ni nzito kidogo kuliko maji, lakini mmumunyo huo wa kabonati ni mzito zaidi, kwa hiyo tabaka unalolitaka huelea wakati wa kuosha kwa kabonati na huzama unapokuja kusuuza kwa maji. Nimewaona wanafunzi wazuri wakimwaga sampuli yao yote kwa kusahau jambo hilo. Dondosha tone la maji uone linajiunga na tabaka lipi kabla ya kumwaga chochote. Kisha kausha kwa salfeti ya magnesiamu isiyo na maji, na urudie vipimo vyote.

Mwalimu wa kemia

Naongezea kuhusu Tollens na Fehling, kwa kuwa hapo ndipo wengi hukwama. Unga mweusi ni fedha ileile. Imeshindwa tu kushikamana na ukuta wa neli kwa sababu neli ilikuwa na mafuta au joto lilipanda kwa haraka mno. Sugua neli kwa sabuni, isuuze kwa maji yaliyotoneshwa, na utengeneze kitendanishi upya: ongeza tone la haidroksidi ya sodiamu kwenye nitrati ya fedha, kisha amonia tone kwa tone hadi mashapo ya kahawia yakaribie kwisha, kwani amonia ikizidi hupunguza wepesi wa kipimo. Usikihifadhi kamwe, maana kikikaa huweza kujenga kiwanja cha fedha kinacholipuka; ukimaliza, kitie asidi ya nitriki hafifu na ukimwage.

Ama Fehling, kubaki kwake buluu hakukanushi aldehidi. Aldehidi ambazo kabonili yake imeungana moja kwa moja na duara la benzini kwa kawaida hazibadilishi mmumunyo huo, ilhali Tollens huzitambua. Kwa hiyo majibu yako mawili hayapingani. Yakisomwa pamoja yanakuelekeza kwenye aldehidi ya aina hiyo.

Mtunza kemikali

Nasihi moja tu: tafadhali usinuse tena. Nitrobenzini nayo hunuka kama lozi chungu, na ni sumu inayopita hata kwenye ngozi.

Mpimaji

Nawashukuru sana, walimu wangu. Nimeosha sampuli kama nilivyoelekezwa, na kweli tabaka lilielea kwanza kisha likazama. Bikabonati sasa haitoi kiputo hata kimoja, na Tollens katika neli safi imenipa kioo kilichofunika kuta zote za chini. Mashapo ya chungwa niliyasafisha kwa kuyayeyusha katika ethanoli ya moto na kuyaacha yagande tena. Yameyeyuka kati ya nyuzi 235 na 237 za Selsiasi, yaani palepale yanapotarajiwa kuyeyuka yale ya benzaldehidi. Zile chembe nyeupe nilizipima peke yake: zimeyeyuka kwenye nyuzi 121 hadi 122, kama asidi ya benzoiki, na zilipoguswa na bikabonati zilitoa viputo kwa wingi.