Kenya walifunga, Tanzania tukaacha wazi: gharama ya korona aliibeba nani?

Wakala wa Horohoro:
Naileta mada hii kwa sababu juzi kijiweni tumebishana mpaka kahawa ikapoa. Swali lilikuwa hili: likija gonjwa jingine kama lile la 2020, serikali ifunge nchi kuokoa roho za watu, au iwaache watu wakatafute riziki?

Mimi kazi yangu ni kutoa mizigo forodhani, mpaka wa Horohoro, kwa hiyo mwaka ule niliishi katikati ya sera mbili. Ng'ambo, Lunga Lunga, Kenya wana kafyu tangu tarehe 27 Machi, na kuanzia 8 Aprili kaunti za Kwale, Kilifi na Mombasa zimefungwa, hatoki mtu wala haingii mtu. Upande wangu soko wazi, msikiti wazi, daladala zimejaza. Ungedhani tulikuwa tunaneemeka. Tarehe 16 Mei Kenya wakaufunga mpaka kwa abiria, wakaacha mizigo tu, tena kila dereva apimwe kwanza. Wakubwa wa upande wetu nao wakajibu kwa kuwazuia madereva wa Kenya. Machungwa ya Muheza, na msimu wake ndio huo, yakaozea juu ya lori. Mteja wangu mmoja alimwaga mzigo mzima porini, akanipa nusu ya ujira wangu, na sikuwa na uso wa kumdai iliyobaki.

Tangu hapo kila nikisikia "sisi hatukufunga, uchumi wetu ukapona" nacheka peke yangu. Ukiacha mlango wako wazi na jirani akafunga wake, biashara iliyokuwa kati yenu imekufa vilevile.

Msimamo wangu: Kenya wangefunga na kuwalisha watu wao, ningewaelewa. Sisi tungeacha wazi huku tunatangaza hali halisi, ningetuelewa pia. Takwimu za mwisho tulizopewa mwaka ule zilikuwa wagonjwa 509 na vifo 21, ikawa Mei, halafu kimya. Karibuni. Ila tusitukane viongozi, mmoja wao ni marehemu.

Machinga Mstaafu:
Mkuu, umeongea vizuri ila umeongea kama mtu mwenye ofisi. Mimi 2020 nilikuwa natembeza mikanda na soksi Kariakoo. Chumba kimoja Tandale, watoto wanne, na unga wa jioni unatokana na mauzo ya mchana. Ukinifungia ndani siku tatu umeshanimaliza, kirusi hakina kazi tena. Hilo hayati Magufuli alilijua, ndiyo maana hakufunga. Alifunga shule na vyuo, Juni vikafunguliwa, basi.

Na mkitaka namba, uchumi wetu 2020 ulikua asilimia 4.8 kwa hesabu za serikali. Wenzetu Kenya walirudi nyuma asilimia 0.3. Namba hizo mnazikataa kwa lipi?

Mtoto wa Likoni:
Ya Kenya acha nieleze mie niliyekuwako. Tarehe 27 Machi, siku ya kwanza ya kafyu. Saa moja jioni kila mtu awe kwake. Haya, wafanyakazi wa kisiwani wote wamemiminika kivukoni kuwahi feri, foleni imefika juu huko, na polisi wakaingia na marungu na vitoza machozi. Watu wamelaliana chini, wanakohoa, wanatemeana mate, machozi na kamasi. Amri ya kutukataza tusisongamane ndiyo iliyotusonga. Aloipanga ile saa moja hajapata kungoja feri ya Likoni hata siku moja, na hilo naapa.

Siku tatu baadaye, Kiamaiko huko Nairobi, mtoto wa miaka 13 akapigwa risasi na polisi yuko roshani ya kwao. Yuko kwao! Kafyu yataka nini zaidi ya mtu kuwa kwao?

Kisha Mei wakaufunga Mji wa Kale wa Mombasa, pamoja na Eastleigh ya Nairobi, wiki nzimanzima, ndani ya Ramadhani. Asiyejua Mombasa hajui Ramadhani ni nini kwa muuza kaimati na viazi karai. Kodi ya nyumba ya miezi mitatu hutafutwa mwezi ule mmoja. Nafuu ya serikali ikawa nini? Kodi ya mshahara ikafutwa kwa wenye kulipwa mpaka shilingi 24,000 kwa mwezi, na VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ikashuka kutoka asilimia 16 hadi 14. Muuza kaimati ana karatasi ya mshahara? Alopata nafuu ni yule ambaye mshahara wake waendelea kuingia.

Haki niseme, kulikuwa na Kazi Mtaani, vijana wa vitongojini wakalipwa kufagia na kuzibua mitaro. Lakini mama wa miaka 50 mwenye karai lake hakuitwa kuzibua mtaro.

Muuguzi wa Zamu:
Nilikuwa nasoma tu. Kaka Machinga, nakuheshimu, na mimi nimelelewa na mama ntilie. Ila naomba unisikilize na mimi.

Januari na Februari 2021, wodini kwetu (hospitali sitaitaja, na mkiijua nyamazeni), tulikuwa tunagombea mitungi ya oksijeni. Unampunguzia huyu ili yule afike asubuhi. Kwenye faili tunaandika nimonia, kwa ndugu tunasema changamoto ya kupumua. Barakoa nilikuwa najinunulia. Nikirudi nyumbani nalala sebuleni peke yangu, mwanangu ananipungia mkono dirishani. Tarehe 17 Februari siku moja tu tukampoteza Maalim Seif, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, ambaye chama chake kilishasema anaugua korona, na Balozi Kijazi, Katibu Mkuu Kiongozi. Nchi nzima ikaanza kunong'ona. Kunong'ona tu.

Sikutaka ufungiwe, kaka. Nilitaka uuze soksi zako, lakini uambiwe kwamba mwezi huu hali mbaya, mama yako asije sokoni, mzee wa nyumba ya jirani asiende msibani, dirisha la daladala lisifungwe. Hivyo havina gharama hata shilingi moja. Vinataka mtu mmoja tu mwenye mamlaka aseme. Chanjo yenyewe ilianza kutolewa tarehe 28 Julai 2021, Rais Samia akachanjwa mbele ya kamera. Kati ya Februari na Julai hiyo wapo niliowafunga macho kwa mikono yangu.

Unaposema uchumi uliendelea, ujue sehemu ya mtaji wake ilitoka wodini.

Machinga Mstaafu:
Dada pole sana, na ahsante. Kuhusu kusema ukweli sibishani. Lakini na wewe nijibu: siku ile mkubwa angesimama akasema watu wanakufa, kesho yake Kariakoo angekuja nani? Ningelala njaa vilevile, bila hata kufungiwa.

Hesabu Kwanza:
Machinga, swali lako ndilo lenye uzito kuliko yote hapo juu, na wachumi wamelivunjia kichwa kweli. Hofu yenyewe hufunga biashara. Ushahidi uko kwetu: viwanja vya ndege tulifungua tarehe 18 Mei 2020, mbuga wazi, hoteli wazi, hakuna karantini. Watalii? 2019 walikuja zaidi ya milioni moja na nusu, 2020 wakawa kama 620,000. Dereva wa Arusha hakufungiwa na serikali yake, lakini gari lilikaa juu ya mawe mwaka mzima. Na hiyo 4.8 yako, Benki ya Dunia iliikadiria kuwa 2. Kwa hiyo kupima "gharama ya kufunga" kwa kuilinganisha na mwaka wa kawaida ni kosa, maana mwaka wa kawaida haukuwepo sokoni. Ulinganishe na mwaka wa hofu bila amri.

Ila upande wa wanaopenda kufunga nao wana deni. Gonjwa lile liliua wazee kuliko vijana kwa mbali sana. Nusu ya Wakenya wana umri wa miaka 20 au chini ya hapo, au kama hivyo. Italia na Mombasa si mwili mmoja, na mavazi yaliyokatwa kwa kipimo cha Italia tukavalishwa sisi.

Mwisho, msiogope kuweka bei. Uingereza taasisi yao inayopitisha dawa huuliza kila siku: tukitumia fedha hizi tutapata miaka mingapi ya maisha yenye afya? Kiwango chao cha kawaida kwa miaka mingi, na mwaka ule wa 2020 pia, kilikuwa pauni 20,000 hadi 30,000 kwa mwaka mmoja. Serikali zetu nazo ziliweka bei, ila hazikuiandika popote.

Mtoto wa Likoni:
Ewe Hesabu, nyanya yangu ana miaka 78. Kwa mizani yako amebakiwa na miaka michache ya kuuzwa, siyo? Yeye ndiye alolea wajukuu sita wakati mama zao wako Ghuba. Mwondoe yeye uone hao vijana wako watalala wapi.

Hesabu Kwanza:
Hoja imepokelewa. Kwenye jedwali la kawaida nyanya yako hahesabiwi kama mlezi, na hapo jedwali lina kosa. Si la kutupwa, ni la kurekebishwa.

Mzazi wa Masaka:
Mimi niko Uganda, Kiswahili changu mnisamehe. Nyinyi mnagombana juu ya kafyu na soko. Kwetu shule zilifungwa Machi 2020, na za watoto wote zikafunguliwa tarehe 10 Januari 2022. Wa mtihani waliitwa mapema, hawa wadogo wakasahauliwa. Mtoto wangu alikuwa darasa la pili. Aliporudi alikuwa amesahau kusoma, anajua kuchoma mahindi na kurudisha chenji, vizuri sana. Shule moja ya jirani ilikuwa imegeuka nyumba ya wageni. Hasara hii haimo katika asilimia zenu, itaonekana watoto hawa wakiwa watu wazima. Na ugonjwa wenyewe watoto uliwagusa kidogo.

Wakala wa Horohoro:
Mzee wa Masaka, umenitikisa. Kenya nao wanafunzi wengi walikaa nyumbani hadi 4 Januari 2021, na kafyu ikaondolewa Oktoba mwaka huo. Nakiri shule sikuziweka kwenye mizani yangu kabisa, kwa kuwa machungwa ndiyo yaliyonilia pesa.

Nirudi kwenye kulisha. Watu husema nchi zetu maskini, haziwezi kulisha waliofungiwa. Kenya tayari walikuwa wanawatumia wazee wa miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kila mwezi kupitia Inua Jamii, na simu kila mtu anayo. Njia ya kupitishia fedha ilikuwepo. Waliofunga mtaa wangeweza kuanza na mtaa ule ule mmoja, kwa wiki zile zile chache. Kama fedha hazitoshi hata kwa mtaa mmoja, basi hapo usifunge mtaa huo, funga mikusanyiko, gawa barakoa, useme ukweli.

Muuguzi wa Zamu:
Na oksijeni, kaka. Andika oksijeni kabla ya barakoa. Mtambo wa oksijeni unafaa hata gonjwa likiisha, watoto wa nimonia wapo kila mwaka.

Machinga Mstaafu:
Mimi naona tunakaribiana, japo kufungiwa sitakubali hata kwa pesa za simu, maana najua zinavyochelewa. Lakini Wakala, yale machungwa. Mteja wako alikula hasara, wewe ukala nusu. Mwenye shamba alilipwa na nani?

Wakala wa Horohoro:
Alikuwa amekopesha mzigo, alipwe ukifika soko la Kongowea, Mombasa. Hakulipwa. Mwaka uliofuata nilipita kwake Muheza nikakuta nusu ya michungwa ameikata, kapanda mihogo.