Misioni ya hapa kwetu na ya nje ya nchi: kanisani kwenu mnagawaje? Tupeane uzoefu

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Niko Moshi, ni mjumbe wa kamati ya misioni na uinjilisti usharikani kwetu. Kila mwaka tukikaa kwenye bajeti tunakwama pale pale. Tuna mitaa ya tambarare, upande wa Kahe na Arusha Chini, ambako mwinjilisti mmoja anazunguka vijiji kwa baiskeli iliyochoka. Tuna pia familia tuliyoitoa kwenda kuhudumu nchi jirani, nayo inasubiri kodi ya nyumba na ada za watoto. Kapu la sadaka ni lile lile. Mzee mmoja akisimama anasema mcheza kwao hutunzwa, tumalize kwanza ya hapa. Mwingine anamjibu: wamisionari wa Leipzig, Ujerumani, wangesema hivyo mwaka 1893, nani angefika Machame?

Wote wawili nawaelewa, na wote ni wazee wangu. Lakini kadiri ninavyokaa kwenye kamati hii naona kinachotuumiza si umbali. Tunamwekea mtu mikono Jumapili, vigelegele vinapigwa, picha zinapigwa, halafu basi. Aliyeko Kahe na aliyeko ng'ambo ya mpaka wana kilio kimoja: hakuna anayewauliza hali. Naomba mnieleze kwenu mnafanyaje. Leteni mliyoyaona kwa macho yenu.

Naanza na la kwetu. Siku hizi majina ya wote tuliowatuma, wa karibu na wa mbali, yako kwenye orodha moja, na kila jina lina mzee wa kanisa wake anayepiga simu na kuleta taarifa barazani. Mabishano hayajaisha ila yamebadilika. Badala ya "hapa au kule", mtu anasimama anasema mke wa mwinjilisti anajifungua mwezi ujao na zahanati iko mbali. Sikukuu ya mavuno iliyopita mama mmoja alinunua mkungu wa ndizi mnadani, akasema urudishwe uuzwe tena kwa ajili ya huyo mama mjamzito. Ukanunuliwa, ukarudishwa, safari hii kwa ajili ya watoto walioko nje. Mkungu ule ule ulizunguka mpaka mpiga mnada akakauka sauti, na hakuna aliyeuliza fungu lipi litangulie.

Karibuni.

Mama wa Machame

Mjumbe, umeitaja Leipzig, ngoja niongezee. Walikuja baada ya Waingereza wa CMS, chama cha misioni cha Waanglikana, kuondoka Moshi, ambako walikuwapo tangu 1885 mpaka 1892. Mwaka 1896 wamisionari wawili, Ovir na Segebrock, walitoka huku kwenda kuanzisha kazi Meru wakauawa Akeri, pamoja na Wachagga waliofuatana nao. Hao Wachagga mimi nawahesabu kuwa watu wetu wa kwanza kutoka kwenda kwa jirani kwa ajili ya Injili. Leo Machame hadi Akeri ni nauli ya basi na daladala. Wakati ule ilikuwa nchi ya watu wengine kabisa. Na Wajerumani walipoondolewa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, walimu na wazee wenyeji ndio walioshikilia ibada na shule. Kwa hiyo kijana akiniambia misioni ni kitu cha kuletewa, namketisha chini nimsimulie.

Sisi akina mama tuna mfuko wa mayai. Kila mmoja analeta alichonacho siku ya kikundi, tunauza. Nusu ya kwanza ya mwaka fedha inakwenda mtaa wetu wa porini, nusu ya pili kwa waliotumwa nje. Ni rahisi hivyo, na hatujawahi kuvutana.

Mtumishi wa Rombo

Nimesoma mada hii mara mbili kabla ya kuandika, maana inanigusa. Mimi na mke wangu tulitumwa kaskazini mwa Malawi, upande wa Karonga. Ukitoka Mbeya unavuka pale Kasumulu, na unaweza kudhani hujaondoka nyumbani: migomba ile ile, na sokoni utapata watu wanaojua Kiswahili. Ndiyo maana kanisa lililotutuma lilidhani ni kazi nyepesi. Mchango ulikuja kwa kuchelewa, mara nyingine haukuja, na kila tukiuliza tunaambiwa mitaa ya nyumbani nayo ina hali ngumu. Sikuwa na la kujibu, kwa sababu ni kweli ilikuwa na hali ngumu.

Jambo ambalo wenyeji waliniuliza tangu siku za mwanzo ni hili: "Mchungaji, kwenu Tanzania watu wote wameshaokoka?" Hawakunikejeli. Walitaka kujua kwa dhati kwa nini nimeacha watu wangu. Niliwaambia ukweli kwamba hapana, bado kuna vijiji vyetu vya tambarare vinavyomwona mchungaji mara chache kwa mwaka. Tukafungua Matendo 13 pamoja. Antiokia lilikuwa kanisa changa, bado lina kazi tele mjini kwake, na bado Roho akasema nitengeeni Barnaba na Sauli. Hawakungoja mji umalizike.

Kisha mama yangu akafariki huku Rombo. Kabla sijapata hata nauli, usharika ulikuwa umeshika msiba: turubai limefungwa, kuni zimeletwa, vijana wamechimba kaburi, kwaya imekesha. Nilifika nikakuta mzee wa kanisa amekaa mlangoni na daftari la rambirambi kama vile mimi ndiye nilikuwepo siku zote. Mchango wa kila mwezi ulionichelewea niliusamehe siku ile. Ndugu zangu, mkitaka kumtunza mmisionari aliye mbali, tunzeni wazazi wake walio karibu. Hiyo ni misioni ya hapa na ya nje kwa wakati mmoja, na haihitaji kura ya baraza.

Jingine. Tulipoagwa kule, washarika walitoa sadaka wakanikabidhi, wakasema mpelekee yule mwinjilisti wenu wa tambarare uliyetuhadithia. Ni wakulima wa mpunga, hawana kitu. Nilishindwa kusema neno. Paulo alichukua changizo la Makedonia na Akaya kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, tunalisoma kila mwaka, lakini kulibeba mkobani mwako ukivuka mpaka ni jambo jingine.

Dada wa Ngaramtoni

Mimi nataka kugusa upande wa wageni wanaokuja kwetu, maana ni sehemu ya mada hii. Zamani tulipokea vikundi kutoka ng'ambo vikapaka rangi darasa la shule ya Jumapili. Tuliwashukuru. Ila nje ya uzio walikuwa wamesimama mafundi rangi wetu, washarika wa pale pale, hawana kazi wiki ile. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Kamati yetu ilikaa nao ikawaeleza, na sasa utaratibu ni kwamba mgeni anafuatana na mwinjilisti kwenda maboma ya upande wa Longido, analala huko, anakula kinachopatikana, anasikiliza kwanza. Rangi inapakwa na fundi anayelipwa.

Na sisi tukapata zamu. Wanakwaya wachache walialikwa Ujerumani kwenye kanisa rafiki. Walirudi na simulizi moja iliyotunyamazisha kikaoni: kanisa kubwa la mawe, kinanda cha ajabu, na wazee wenye mvi safu mbili za mbele. Bibi mmoja alimshika binti yetu mkono akamwomba amwombee mjukuu wake. Nilikumbuka Machi 2018, Baraza la Makanisa Ulimwenguni lilipoleta mkutano wake wa misioni na uinjilisti hapa Arusha, wa kwanza Afrika tangu ule wa Achimota, Ghana, uliomalizika 1958. Watu zaidi ya elfu moja walikuja, kutoka Kaskazini na Kusini mwa dunia. Tangu siku hiyo siwezi tena kuchora ramani ambayo watumaji wako upande mmoja na wapokeaji upande wa pili.

Kaka wa Kilema

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni Mkatoliki, mtaniruhusu. Kwetu Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika 1890 kwa hiyo habari ya kuletewa tunaijua vizuri. Kilichotusaidia ni siku maalumu. Dominika ya Misioni, mwezi Oktoba, imekuwapo tangu Papa Pius XI alipoiweka mwaka 1926, na sadaka ya siku ile inakwenda kwenye mfuko wa misioni wa Kanisa zima. Haiguswi na paa la parokia wala deni la umeme. Dominika nyingine jumuiya zinabeba ya nyumbani. Watoto wa Utoto Mtakatifu, chama chetu cha kimisionari cha watoto, nao wanaleta visarafu vyao, na wao ndio wanaotuaibisha watu wazima kwa moyo wao.

Mpendwa wa Unga Limited

Shalom. Mimi nasimama na yule mzee wa "kwanza ya hapa". Nyuma ya kanisa letu kuna vijana wanaoshinda kijiweni na pombe kali tangu asubuhi. Tumewahi kuchangia kupeleka mtu nchi nyingine huku hakuna aliyevuka ule mtaro kuwasalimia. Sipingi kutuma. Ila napendekeza anayetumwa mbali awe ameonekana kwanza akifanya kazi mtaani kwake.

Mjumbe, Moshi

Mpendwa, hoja yako naipeleka kikaoni kama ulivyoiandika. Hata Barnaba na Sauli walikuwa wakifundisha Antiokia mwaka mzima kabla ya kutumwa, kwa hiyo una Maandiko upande wako.

Mtumishi wa Rombo, pole sana na msiba wa mama. Nina swali la kikazi: ile sadaka ya kutoka Malawi mliiingizaje vitabuni? Mhasibu wetu ataniuliza.

Mtumishi wa Rombo

Asante, mjumbe. Ilibadilishwa pale mpakani kwa watu wa kubadilisha fedha, na risiti yao nilikuwa nayo. Mhasibu alihangaika kidogo, maana kwenye bajeti kulikuwa na mstari wa kutoa kwenda misioni ya nje, wa kupokea haukuwapo. Baraza likauongeza. Fedha ilinunua bati za jiko la mwinjilisti, na picha za jiko tuliwatumia wale wakulima kwa simu. Mstari ule umebaki kwenye bajeti hadi leo, na mwaka huu umeingia tena kitu kutoka kule kule.

Mjumbe, Moshi

Naomba nakala ya ukurasa huo, ukiweza kabla ya Jumamosi. Wengine endeleeni, hasa mlioko Same na Simanjiro, sijawasikia bado.