Mnaokata springi kushusha magari, mtatuua barabarani

Wakuu, leo nina hasira na sitaki kupozwa.

Hizi Altezza, Mark X na Subaru zinazoburuza bampa mitaani zimetuchosha. Tuta moja tu la Tabata, gari inalipanda kimshazari, tairi moja moja, imeziba njia zote mbili, dereva kafungua mlango anachungulia chini kama imepita au imekwama. Daladala inapiga honi, bodaboda zinachomekea kushoto na kulia, na mwenye gari anakunja uso kana kwamba tumemkosea sisi.

Ukimuuliza kwa nini kashusha, atakwambia inashika kona. Hapo sibishi. Gari ikikaa chini, uzito nao unakaa chini, hailali sana kwenye kona. Wengine wanasema ukweli zaidi: hawapendi lile pengo kati ya tairi na madigadi, wanaona gari kama imevaa suruali fupi. Sawa, gari ni yako, ipendezeshe. Zipo springi fupi zilizotengenezwa kwa ajili ya gari yako, zinashusha sentimita 3 hivi, unafunga na shokapu zinazoendana nazo, unaenda kufanya wilo alaimenti, yaani kunyooshewa magurudumu yakae sawa. Mwenye kufanya hivyo sina ugomvi naye hata kidogo.

Ugomvi wangu ni na grinda! Fundi anachomoa springi, anakata mzunguko mmoja na nusu, anarudisha, anapokea hela yake. Mwingine hata kuchomoa hataki, anaipiga moto wa gesi mpaka chuma kinalainika na gari inakaa chini yenyewe. Chuma cha springi kikishaunguzwa hivyo, nguvu yake imekwisha. Na hiyo iliyokatwa haikai sawasawa kwenye kikombe chake. Gurudumu likining'inia kwenye shimo, springi inalegea na inaweza kuchomoka. Shokapu ni zilezile za zamani, hazina tena nafasi ya kushuka, kila shimo zinagonga mwisho. Halafu mtu anasema inashika kona. Kona gani, wakati gari inadunda na tairi haitulii chini?

Linaloniuma kuliko foleni ni hizo tairi. Gari ikishushwa bila alaimenti, magurudumu yanalala, tairi inaliwa upande wa ndani. Ukisimama pembeni huoni kitu, kwa nje ina meno yote. Pitisha mkono kwa ndani, utagusa nyaya. Tairi hiyohiyo Ijumaa jioni inapakia watu wanne kwenda Morogoro, na hao abiria hakuna hata mmoja aliyeambiwa.

Na msiniletee habari za magari ya kushushwa ya California, Marekani. Kule sheria ya 1958 ilikataza bodi kushuka chini ya ukingo wa chini wa rimu, jamaa wakafunga hidroliki, yaani pampu za mafuta, ili gari ishuke na kupanda kwa swichi. Gari yako wewe ikishakatwa springi ndiyo basi, haipandi tena, iwe tuta au dimbwi la masika.

Mafundi mliomo humu, nataka majibu. Mteja akija anataka kukatiwa springi, mnamweleza haya au mnawasha grinda tu? Na ndugu zetu trafiki, mnapotusimamisha msiishie kwenye kizima moto na triango. Inameni, mpitishe mkono nyuma ya hizo tairi.